Rabo ya nani? Juu ya mbao ya asili na kiraka cha fundi

Siku chama chetu kilipopanga meza ya vyombo vya wazee, rabo nne ziliwekwa upande wa dirisha, na mbele ya kila moja karatasi ya maelezo. Karatasi ya kwanza ilisema: "Rabo ya mapadri, mwaka wa 1925, haijaguswa." Ya pili: "Rabo ya asili, ya babu zetu." Ya tatu: "Rabo iliyoharibika." Ya nne haikuwa na karatasi, kwa sababu wajumbe wa kamati walishindwa kupatana.

Tuseme wazi tangu mwanzo: karatasi zote tatu zilikosea, na rabo isiyo na karatasi ndiyo iliyokuwa na haki. Hatusemi hivi kwa kuwacheka wenzetu. Sisi wenyewe tulikuwa katika kamati ile, na mwandiko wa karatasi ya pili ni wetu. Lakini tangu siku ile jambo hili halikutuacha. Tunapenda sana neno "asili". Tunaliandika juu ya ngoma, juu ya viti, juu ya mikuki, juu ya kila kitu chenye moshi na vumbi. Kuangalia, hapana, hatuangalii.

Kwanza jina. Watu wa pwani wanasema randa, neno lililowafikia kwa njia ya bahari, kutoka kwa Waajemi na Wahindi. Sisi hapa Ituri tunasema rabo, kwa sababu chombo kilitufikia kwa mkono wa watu wa Kifaransa. Ile ndefu tunaiita varlopu. Jina peke yake linatosha kuonyesha kwamba karatasi yetu ya pili ilikuwa na kasoro. Babu zetu wa Djugu walijua shoka na tezo. Walichonga viti, mizinga ya nyuki, vinu na mitumbwi, na kazi ile haikuomba rabo. Rabo ilikuja na ubao ulionyooka: mlango wenye fremu, meza, dirisha, benchi ya kanisa. Ililetwa na misioni, hasa Mapadri Weupe, wale wa shirika lililoanzishwa na Lavigerie huko Alger mwaka wa 1868. Ililetwa pia na migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, ambayo kampuni yake iliundwa mwaka wa 1926 na ambayo haikuweza kufanya kazi bila maseremala. Na upande wa Rethy walikuwako Wamarekani wa Africa Inland Mission, nao wakiwa na vyombo vyao.

Basi, rabo nyingi tunazoziita za zamani zilitoka katika viwanda vya Ulaya, na viwanda vilitengeneza maelfu zinazofanana. Hilo msomaji alishike, kwa sababu ndilo linalobeba kisa tutakachosimulia mbele.

Namna gani mtu atajua mwili wa rabo umetoka Ulaya? Ageuze rabo, aangalie kichwa cha mbao pale ilipokatwa na msumeno, mbele au nyuma. Viwanda vya Ulaya vilipenda mti mmoja unaoitwa hetre kwa Kifaransa. Rangi yake ni kama ya chai yenye maziwa, na ubavuni unaona vidoa vidogo vyembamba, virefu kidogo, vingi, kama mtu amemwagia mbegu za ulezi. Miti ya huku haina alama hiyo. Tena, mti wa nchi ya baridi kali unaonyesha pete za miaka, na fundi mwema wa kule aliuweka ubao wake kwa mpango: pete zinalala sambamba na upande wa chini, na upande uliokuwa karibu na ganda la mti ndio unaoteleza juu ya kazi. Ukiona pete zimelala hivyo, ujue mtu aliyekata alikuwa na mbao nyingi za kuchagua. Ukiona mwili wa muvula, rangi ya kahawia yenye dhahabu na matundu marefu ya nyuzi, au wa libuyu, wekundu wenye mistari, hiyo ni kazi ya huku kwetu, hata kama sura yake ni ya Ubelgiji kabisa.

Rabo ya pili ilikuwa hivyo. Mwili wote wa muvula, kipande kimoja, haukuungwa popote. Kwa maana hiyo ni ya asili kweli: hakuna kiraka hata kimoja. Lakini ina mdomo mpana mno. Mdomo ni ule mwanya wa chini ambamo chuma kinachungulia. Kwa rabo ya kusawazisha mwisho, mdomo unapaswa kuwa mwembamba, milimita moja au chini yake, ili nyuzi za mbao zisinyanyuke kabla chuma hakijazikata. Kwa nini fundi aliyechonga vizuri namna ile aliacha mdomo kama wa kambale? Tulifikiri muda mrefu. Jibu tunaloliona ni hili: aliiga rabo ya Ulaya iliyokuwa imekwisha kuchakaa. Alikopi hata uzee wake. Hatujui chombo kingine mezani pale kinachoonyesha vizuri hivi namna ufundi ulivyopita kutoka mkono hadi mkono bila kitabu, na sisi tukaandika "ya babu zetu" tukadhani tumemaliza.

Hapa inafaa kueleza kuchakaa kwenyewe. Chuma hakisimami wima ndani ya rabo; kimelala nyuma, karibu nusu ya pembe mraba. Kwa hiyo nafasi iliyo mbele yake ni nyembamba chini na pana juu, kama faneli. Upande wa chini unalika kwa kusuguana na mbao. Kila baada ya muda seremala anaunyoosha tena kwa varlopu. Anapoondoa unene wa ukucha, anapanda ndani ya faneli, na mdomo unapanuka. Baada ya miaka ishirini ya kazi rabo imekuwa fupi kwa kimo na mdomo umefunguka. Fundi mvivu anaitupa. Fundi mwema anachimba shimo la mraba mbele ya mdomo, anaingiza kipande cha mti mgumu, anakigundisha kwa kole na kukisawazisha. Hicho ndicho kiraka cha mdomo, nacho ndicho tengenezo la kawaida kuliko yote. Huko Ulaya pia walifanya hivyo tangu zamani.

Kwa hiyo mdomo mwembamba hauthibitishi kwamba rabo haijaguswa. Mara nyingi unathibitisha kinyume. Rabo ya kwanza, ile ya "haijaguswa", ilikuwa na mdomo mzuri sana, kama wa siku ya kwanza. Tukaupeleka kwenye mwanga wa dirisha. Mstari mwembamba mweusi ulionekana mbele, mraba safi. Ndani ya mraba nyuzi za muvula, nje ya mraba vidoa vya hetre. Kimo cha rabo kilikuwa kidogo kuliko cha wenzake kwa unene wa kidole. Chombo kile kilinyooshwa pengine mara kumi, kisha mtu wa huku akakirudishia mdomo. Na ule mwaka wa 1925? Mtu aliona namba 25 imegongwa puani mwa rabo, akaongeza 19 kwa kichwa chake. Namba kama ile inaweza kuwa ya chombo katika orodha ya ateliye, au ya kipimo. Hata pale mwaka mzima unapochongwa juu ya mbao, mtu anaweza kuuchonga wakati wowote apendao.

Rabo ya tatu inatupa onyo la upande mwingine. Iliitwa "iliyoharibika" kwa sababu ya mdomo mpana. Lakini kimo chake kilikuwa kizima, na ncha ya chuma chake ilinolewa kwa kuviringa kidogo kama ukucha. Ni rabo ya kazi ya kwanza, ya kukwangua ubao uliotoka kwenye msumeno na kutoa maganda manene. Ilizaliwa na mdomo ule. Haijaharibika. Jambo limoja, la mdomo, linasema vitu viwili tofauti. Lazima uulize kimo na chuma ndipo uamue.

Alama nyingine tutazipitia haraka. Kabari, ule mti unaobana chuma: ya kiwanda ni ya mti uleule wa mwili na imezeeka pamoja nao, ya kubadilishwa ina rangi yake, na mara nyingi haikai sawa ndani ya mifereji, inabana juu na kuacha mwanga chini. Visi: ikiwa kichwa kina msalaba, tengenezo hilo haliwezi kuwa la kabla ya miaka ya 1930, maana Mmarekani Phillips alipata hati zake mwaka wa 1936, huku kwetu ni la baadaye zaidi. Kole: ile ya zamani, ya ngozi na mifupa iliyochemshwa, inakauka kama asali ngumu na kuvunjika, ile nyeupe ya chupa inabaki kama mpira. Verni inayong'aa: iogopeni. Rabo za kazi zilipakwa mafuta, na mafuta ya mkono yakamalizia. Alama za nyundo ziwe mahali pake, yaani nyuma na juu ya pua, pale seremala anapogonga ili kulegeza chuma. Rabo iliyojaa majeraha kila mahali isipokuwa pale, mtu ameipiga ili izeeke haraka, apate bei.

Sasa rabo ya nne.

Mwanachama mmoja aliinunua sokoni Bunia. Wasomaji wanajua vyombo vya huku vilivyofika Bunia. Katika vita vya 1999 mpaka 2003 ateliye ziliporwa, nyumba zilichomwa, na tangu mwisho wa 2017 Djugu ilirudia kukimbia. Mtu anakimbia na watoto na sufuria, rabo inabaki. Baadaye mwingine anaiokota, anaiuza kama kuni au kama chombo. Yule mwenzetu aliinunua kwa nia njema, arudishe kitu nyumbani.

Ikiwa bado haijaandikiwa karatasi, familia mbili zilikuja, siku mbili tofauti, na kila moja ilisema: hii ni ya kwetu. Kamati ikagawanyika. Hatutaeleza nani alisema nini, wala familia hizi ni za upande gani, maana kila msomaji wa Djugu anajua maneno kama hayo yanavyowaka. Mmoja katika kamati alitaka kusoma herufi zilizochongwa ubavuni, jozi tatu za herufi, ili ajue kabila la mwenyewe. Tukamwambia: kwa herufi mbili hutajua kabila la mtu, hasa hapa ambapo wengi wanasema lugha moja na kubatizwa majina yaleyale. Na jozi tatu maana yake wenyewe watatu, mmoja baada ya mwingine. Nani alimfundisha nani? Mbao haikuuliza.

Familia ya kwanza, kijana na dada yake, waliitambua kwa chuma. Juu ya chuma kuna simba. "Baba alikuwa anatuonyesha ile simba tangu tukiwa wadogo," kijana alisema. "Hii iko ya kwetu, mwalimu." Na alisema kwa machozi, hakudanganya. Lakini simba yule ni alama ya Peugeot, nyumba ya Ufaransa ambayo, kabla ya kufikiri gari lolote, ilitengeneza misumeno na vyuma vya rabo. Iliandikisha alama ya simba mwaka wa 1858. Vyuma vya simba vilienea dunia nzima. Kumtambua simba ni kutambua kiwanda.

Familia ya pili ilikuwa mama mzee mmoja, mjane wa seremala, na mjukuu wake. Mama hakuangalia simba. Alisimama mbali kidogo, akashika kitambaa chake, akasema:

"Mwalimu, mimi sijui mambo ya chuma. Ile ya baba iliikuwa imepasuka nyuma, wakati wa kiangazi. Alitoboa, akapitisha bulonu toka huku mpaka huku. Juu yake akaziba na mti, juu hakupenda watu waone. Chini ya kile kizibo kuko feza ya Mobutu. Alikosa rondele, akatoboa feza. Mimi ndiye nilimupatia."

Tukaigeuza rabo. Kila mtu mezani alikuwa ameishika siku zile, nasi pia, na hakuna aliyeona kitu. Ubavuni, nyuma ya pahali chuma kinapolala, palikuwa duara ya mti, ndogo, rangi karibu na ya mwili, imepakwa nta. Upande wa pili, duara ya pili. Kati yao mpasuko mwembamba uliobanwa hata ukawa kama unywele. Mpasuko wa pale unaeleweka: mbao ya Ulaya ikifika kwenye kiangazi cha huku inasinyaa kwa upana, chuma hakisinyai, basi kabari na chuma vinasukuma mashavu mpaka yanaachia.

Mjukuu alitoa kizibo kwa ncha ya kisu, polepole, nyanya yake akimwambia taratibu, taratibu. Chini yake kulikuwa kichwa cha bulonu, na chini ya kichwa sarafu iliyotobolewa katikati. Ilikuwa makuta 5, mwaka 1967. Chumba kizima kilinyamaza. Yule kijana wa simba, ambaye alikuwa ameitwa siku ile, ndiye aliyesema kwanza: "Basi, mama, ni ya kwenu."

Hapa tunataka kubishana na wenzetu fulani, wasomi, waliosema baadaye kwamba rabo ile haina thamani ya urithi kwa kuwa "imetengenezwatengenezwa". Walisema kitu cha kuonyeshwa kiwe kizima, kama kilivyotoka kiwandani. Sisi tunauliza: urithi wa nani? Sehemu zake za asili, yaani mwili wa hetre na mifereji yake, ni urithi wa kiwanda ambacho hatujui hata jina lake, na makumbusho ya Ulaya yana rabo kama hizo kwa makabati. Kitu kimoja peke yake juu ya chombo kile hakipatikani pahali pengine duniani, nacho ni bulonu na feza ya makuta iliyofichwa. Kinatuambia tengenezo lilifanyika mwaka wa 1967 au baadaye, si kabla. Kinatuambia duka la rondele halikuwa karibu. Kinatuambia fundi alikuwa na haya ya kuonyesha kiraka, na mke alitoa feza yake. Na mbele ya familia mbili zenye uchungu, ndicho kilichosema ukweli pasipo mtu kupaza sauti.

Lakini wale wengine pia, wanaosema "yote ni historia, acheni kuchunguza", nao hatukubaliani nao. Kama hatungejua kutofautisha, duara ile ya mti tungeiona kama kovu la mbao tu. Au mbaya zaidi, tungeisafisha. Sisi tuna sababu ya kusema hivyo. Rabo ya baba yetu tuliichukua wakati mmoja tukaipiga msasa mchana mzima, tukaipaka verni mara mbili, ikang'aa kama meza ya askofu. Siku iliyofuata tulitafuta herufi zake alizochonga kwa ncha ya patasi. Hazikuwapo. Tulikuwa tumezifagia pamoja na vumbi. Mama alipoiona alisema tu, "Imekuwa muzuri," na hakuigusa tena.

Turudi kwa rabo ya nne, maana haikuishia pale. Mjukuu, kijana mwenye macho, alisema: "Nyanya, hii chuma siyo ya babu." Mama akakubali: chuma cha mume wake kilitoka kwa mhunzi, cha resori ya gari, cheusi, hakikuwa na mnyama yeyote. Tukatoa chuma cha simba na kuangalia pahali kinapolala. Pale kulikuwa kivuli cha kutu, umbo la chuma kilichokaa miaka mingi, na kivuli kilikuwa chembamba kuliko simba kwa upana wa ukucha kila upande. Ndani ya mifereji mtu alikuwa amekata mbao kwa kisu ili chuma kipana kipite. Mkato ule ulikuwa mweupe bado, haukushika mafuta wala moshi. Kabari ilikuwa ya libuyu, mpya, mbaya, imechongwa haraka.

Basi mambo yalikuwa hivi: mwili ni wa seremala wa mama, chuma ni cha mtu mwingine, mtu wa tatu, pengine muuzaji, aliunganisha vitu viwili yatima ili apate rabo moja ya kuuza. Ni tengenezo hilo pia. Tunapenda viraka vya mafundi, lakini si kila kiraka ni cha fundi. Kile cha muuzaji kinataka kuficha, na kinajulikana kwa haraka yake. Fundi wa bulonu naye alificha, ni kweli, lakini alificha kwa nta na kwa subira, na chombo kikaendelea kufanya kazi. Muuzaji alikata mifereji iliyokaa miaka kwa dakika tano, na chuma kilikuwa kinatikisika ndani kama jino bovu.

Na kama chuma ni cha mtu mwingine, ni cha nani? Kila mmoja chumbani aligeuka kumwangalia kijana wa simba. Inawezekana baba yake alikuwa na chuma hiki hiki. Inawezekana pia hapana, maana simba ni wengi, kama tulivyosema. Tukamwuliza kama anakumbuka alama yoyote, pengo, herufi, mkwaruzo. Aliishika muda mrefu. Aliangalia ncha yake, pale iliponolewa, panapoonekana mstari kati ya chuma laini na chuma kigumu kilichobandikwa chini yake, kwani vyuma vya zamani vilitengenezwa kwa mbili namna hiyo. Mwisho akasema: "Sikumbuki. Nilikuwa naangalia simba tu."

Tulimpenda kwa jibu lile. Angeweza kusema lolote, na nani angembishia?

Kamati ilikaa tena. Wengine walitaka rabo ibaki mezani, na chuma ndani yake, na mama alipwe kitu. Sisi tulipinga. Chombo kilichoporwa, mwenyewe akipatikana, hakuna makumbusho. Hata Ulaya leo wanabishana juu ya vitu walivyochukua kwetu wakati wa ukoloni. Sisi tutaanzaje kuweka vya jirani? Neno likapita, si kwa wote. Mwili ulirudishwa kwa mama. Chuma cha simba alipewa kijana, kwa sharti kwamba mtu mwingine akija na alama ya hakika, kitazungumziwa tena. Alikubali, na dada yake akakifunga ndani ya kitenge.

Karatasi za meza tuliziandika upya. Ya rabo ya kwanza sasa inasema: "Mwili wa Ulaya, mti wa hetre. Mdomo ulitengenezwa huku kwa muvula. Kabari si ya kwanza. Verni ni ya juzi. Mwaka haujulikani." Kuna mjumbe aliyelalamika kwamba karatasi kama hiyo haivuti wageni, na kweli, wageni si wengi wanaosimama. Ya pili: "Kazi ya fundi wa Ituri, muvula, sura iliyoigwa kwa rabo iliyochakaa." Ya tatu: "Rabo ya kukwangua. Nzima." Pahali pa nne pana picha tu na maelezo ya bulonu, kwa ruhusa ya mama, bila jina lake.

Miezi baadaye tulipita kwake kumsalimia. Mjukuu alikuwa nje chini ya mkaratusi, anapiga rabo ubao wa mlango. Mhunzi alimtengenezea chuma kingine cha resori, chenye upana wa kivuli kile. Kabari alichonga mwenyewe, na alikuwa amegundisha vipande viwili vyembamba ndani ya mifereji pale muuzaji alipokata, vya mti mweupe, unaoonekana kabisa. Tulimwuliza kwa nini hakutafuta rangi ya kufanana.

"Mwalimu," alisema, "si mulisema watu wanaangaliaka?"

Kizibo cha ubavuni kilikuwa kimerudishwa, na nta juu yake.